Mkutubi, Mswada na Katalogi: Nafasi ya Watumishi wa Maktaba ya Chuo Kikuu katika Taaluma za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Maktaba nyingi za vyuo vikuu huwa na jarida dogo la habari za watumishi. Humo huandikwa nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani amehudhuria kongamano, nani amekwenda masomoni na nani amestaafu. Habari hizo husomwa na wachache, tena haraka haraka, kisha jarida huwekwa kando. Wanataaluma wa Kiswahili hushinda maktabani wakitafuta miswada ya tenzi, kamusi za kale na magazeti ya enzi za ukoloni, lakini ni nadra kwao kulihesabu jarida hilo kuwa ni sehemu ya historia ya taaluma yao.

Mhadhara huu unashikilia msimamo tofauti. Hoja yake ni kwamba kile ambacho mtafiti anaweza kukijua kuhusu Kiswahili hutegemea, kwa kiasi kikubwa, kile ambacho mkutubi fulani aliweza kukisoma, kukitambua na kukiandika katika katalogi. Mswada usioorodheshwa ni sawa na mswada uliopotea, hata kama umo kabatini. Mswada ulioorodheshwa kwa makosa huenda ukapotea zaidi, kwa sababu hakuna atakayeutafuta mahali ulipo. Kwa hiyo habari ya kuajiriwa au kustaafu kwa mkutubi ni habari ya maarifa yenyewe. Swali la msingi ni hili: mtu anayejua kusoma khati za kale anapoondoka, ni nini kinachobaki maktabani?

Mifano mingi itatolewa katika maktaba mbili zenye uhusiano wa muda mrefu, yaani Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, kinachojulikana zaidi kwa ufupisho wa SOAS. Uhusiano huo si wa kubahatisha. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Watafiti, vitabu na nakala za miswada vimekuwa vikisafiri kati ya miji hiyo miwili tangu wakati huo, na kabla yake.

2.0 Mkutubi na Kazi Yake

Maneno kitabu, katibu, maktaba na mkutubi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku mkutubi hudhaniwa kuwa ni mlinzi wa vitabu tu: mtu wa kugonga muhuri, kudai vitabu vilivyocheleweshwa na kuwanyamazisha wanafunzi. Kazi hizo zipo, lakini si kiini cha ukutubi. Kiini chake ni maelezo. Mkutubi hukiangalia kitabu, mswada au kanda ya sauti, akaamua ni kitu gani, ni cha nani, ni cha lini na kinahusu nini, kisha akayaandika maamuzi hayo kwa namna ambayo mtu asiyemjua, labda miaka hamsini baadaye, ataweza kukipata kitu hicho.

Kila moja kati ya maamuzi hayo ni tendo la kitaaluma. Kusema kwamba mswada fulani ni nakala ya utendi fulani ni kutoa hukumu ya kifasihi. Kusema kwamba khati yake ni ya fulani wa Lamu ni kutoa hukumu ya kihistoria. Hukumu hizo zinapotolewa na profesa katika makala huitwa utafiti. Zinapotolewa na mkutubi katika kadi ya katalogi huonekana kuwa ni huduma. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, wakutubi wenye sifa stahiki huhesabiwa miongoni mwa wanataaluma na hupanda vyeo kwa kuchapisha makala. Utaratibu huo ni wa heshima. Hata hivyo, mkutubi aliyetumia miaka mitatu kuorodhesha miswada mia mbili huenda asihesabiwe kuwa amechapisha kitu, ilhali kazi yake itatumiwa na watu wengi kuliko makala kadhaa za majarida.

3.0 Ugumu wa Kuorodhesha Mswada wa Kiswahili

Ili uzito wa kazi hii ueleweke, yafaa kuangalia mambo anayokabiliana nayo mkutubi aliyewekewa mezani mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Jambo la kwanza ni khati yenyewe. Hati za Kiarabu zilipotumiwa na Waswahili wa zamani hazikuwa na alama maalumu kwa kila sauti ya lugha yao. Katika uandishi wa kale herufi ba iliweza kusimamia b, p na hata mb. Irabu i na e ziliandikwa kwa alama moja ya kasra, na u na o kwa alama moja ya dhuma. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa bata, pata au mbata, na jingine laweza kuwa tua au toa. Mwenye kuijua lugha, lahaja na bahari ya shairi husoma sawasawa bila kusita. Mwenye kujua Kiarabu peke yake hawezi, na mwenye kujua Kiswahili cha shuleni peke yake hawezi pia. Washairi na waandishi wa pwani walijaribu kwa nyakati mbalimbali kuongeza alama za kutofautisha sauti hizo, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, akishirikiana na P.J.L. Frankl, alichapisha makala yenye kupitia historia ya majaribio hayo na kutoa mapendekezo yake. Mkutubi hana budi kuzijua taratibu hizo zote, maana mswada haumwelezi msomaji unafuata utaratibu upi.

Jambo la pili ni anwani. Miswada mingi haina anwani kwa maana ya kisasa. Utungo mmoja huweza kujulikana kwa majina mawili au matatu, kama ulivyo Utendi wa Tambuka ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Tofauti za lahaja huongeza utata. Katika lahaja za kaskazini husemwa utendi, na katika Kiswahili sanifu utenzi. Shujaa yule yule huandikwa Liongo katika kitabu kimoja na Liyongo katika kingine. Mtu hulitambua jambo hilo mara moja, lakini mashine ya kutafutia haitambui isipokuwa mkutubi awe ameandika sura zote mbili na kuzifungamanisha. Mwanafunzi anayeandika "utenzi" kwenye kompyuta na kuambiwa kwamba hakuna kitu, huku miswada ya "utendi" imejaa ghalani, amekoseshwa maarifa kwa herufi moja.

Jambo la tatu ni tarehe. Miswada iliyotiwa tarehe hufuata mwaka wa Hijria, na miezi yake haiendi sambamba na ya miladia. Mwaka 1141 wa Hijria, unaotajwa kuhusiana na Utendi wa Tambuka, ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Katalogi nyingi huandika 1728 tu. Zaidi ya hilo, tarehe iliyo mwishoni mwa mswada yaweza kuwa ya kutungwa kwa utendi, ya kunakiliwa kwake, au ya nakala iliyotangulia iliyonakiliwa pamoja na maneno yake yote. Hoja nzima kuhusu umri wa fasihi andishi ya Kiswahili yaweza kusimama au kuanguka kwa namna mkutubi alivyolieleza jambo hilo.

4.0 Mifano ya Katalogi Zilizofungua Njia

Mwaka 1970 kampuni ya Brill ya Leiden ilichapisha katalogi ya J.W.T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, zilizokuwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Allen alikuwa mtafiti wa Kiswahili, na ukusanyaji wa miswada hiyo ulikuwa matunda ya safari na mazungumzo mengi na wenye miswada. Mwaka uliofuata, 1971, alitoa kitabu chake chenye tenzi sita, miongoni mwazo ukiwamo Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Ukaribu wa miaka hiyo miwili una mafunzo. Kuhariri utenzi ni kulinganisha nakala, na mtu hawezi kulinganisha nakala asizojua ziko wapi. Kwa kutaja kanda za sauti sambamba na miswada, katalogi hiyo pia ilikiri jambo ambalo wahariri wengine walilipuuza: kwamba utenzi ni kitu cha kusomwa kwa sauti, na kwamba kanda ni ushahidi kama ulivyo mswada.

Mfano wa pili ni wa Ujerumani. Ernst Dammann alikusanya miswada Lamu na kwingineko pwani katika miaka ya 1930. Katalogi yake ya miswada ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika iliyohifadhiwa Ujerumani ilichapishwa mwaka 1993, alipokuwa na umri wa karibu miaka tisini. Zaidi ya nusu karne ilipita kati ya kukusanya na kuorodhesha. Baada ya katalogi kutoka, haikuchukua muda kama huo kwa watafiti kuitumia. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu kinachomhusu Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa kutegemea karatasi za Dammann na makusanyo mengine. Karatasi zilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni maelezo ya kuzifikia.

Mfano wa tatu ni wa London. Maktaba ya SOAS ina makusanyo ya miswada ya Kiswahili yaliyotokana na watu mbalimbali, wakiwamo William Taylor, Alice Werner, William Hichens, Wilfred Whiteley, J.W.T. Allen, Jan Knappert na Sheikh Yahya Ali Omar mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mradi maalumu wa kuyaorodhesha upya makusanyo hayo na kuyatengenezea hifadhidata ya kompyuta. Katika mradi huo Sheikh Yahya, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1924, alishiriki kwa elimu yake ya lugha, lahaja na khati. Yeye hakuwa mkutubi kwa cheti. Alikuwa mwanachuoni wa Kimvita aliyeweza kuangalia ukurasa na kusema ni utungo gani, ni wa lahaja ipi na pengine ni khati ya nani. Alifariki mwaka 2008. Maelezo yaliyoandikwa alipokuwa hai yamebaki. Ambayo hayakuandikwa, amekwenda nayo.

5.0 Jina la Nani Huandikwa?

Katalogi hugawa heshima. Jina lililo juu ya kadi ndilo jina litakalotajwa katika tasnifu na vitabu, na lisiloandikwa husahauliwa. Katika miswada ya Kiswahili swali hili ni zito, kwa sababu watu wengi huweza kuhusika na karatasi moja: mtunzi, mnakili, mmiliki, msimulizi aliyeihifadhi kichwani, mkusanyaji na mhariri.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa ni kielelezo kizuri. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na kuyaandika. Kwake yalifika kwa William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ambaye aliyaongezea maelezo. Karatasi za Taylor zilitumiwa na Hichens, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg ikiwa na jina la Hichens kama mhariri. Miswada ikaishia London, na huko Mohamed Abdulaziz aliitumia katika utafiti wake uliochapishwa kama kitabu mwaka 1979. Mkutubi anayeandika "Mkusanyo wa Taylor" hasemi uongo. Lakini asipoongeza jina la Mwalimu Sikujua, amemfuta mtu ambaye bila yeye mashairi hayo yasingefika kokote.

Hali ya Muhamadi Kijuma inafanana na hiyo. Kijuma alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mnakili mwenye khati ya kupendeza, na alinakili miswada kwa ajili ya Werner, Hichens na Dammann. Matokeo yake ni kwamba kazi ya mkono mmoja imetawanyika katika makusanyo ya London na Ujerumani chini ya majina ya watu wengine. Ni pale tu katalogi inapompa mnakili nafasi yake ndipo mtafiti anapoweza kuyaunganisha makusanyo hayo, na kuuliza swali la maana zaidi: ni kwa kiasi gani taswira yetu ya fasihi ya Lamu ni taswira iliyopitia kalamu ya mtu mmoja?

Majina ya waandishi wa kisasa nayo yana matatizo yake. Kanuni za kimataifa za uorodheshaji zilijengwa juu ya desturi ya jina la ukoo. Kwa kanuni hizo Shaaban Robert hupangwa chini ya Robert, jina ambalo peke yake halimwelekezi msomaji yeyote wa Afrika Mashariki kwa malenga huyo. Majina yenye bin na binti hupangwa mara kwa jina la mtu mwenyewe, mara kwa nisba, kutegemea maktaba. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alitia jina la Walibora kwenye riwaya zake na akaongeza la Waliaula kwenye maandishi ya kitaaluma. Mkutubi makini huchagua sura moja na kuweka rejeo kutoka katika nyingine zote. Mkutubi asiyewajua waandishi hao huweza kumgawa mwandishi mmoja kuwa wawili bila ya mtu yeyote kugundua.

6.0 Namba ya Rafu

Uamuzi mwingine unaoonekana mdogo ni namba ya rafu. Mfumo wa Dewey, uliotolewa kwanza mwaka 1876, umeipa fasihi namba za 800. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, ya Kijerumani 830, na fasihi nyingi za dunia zimebanwa ndani ya 890. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na lugha yenyewe ni 496.392. Maktaba inayokata tarakimu ili kufupisha lebo, ikaishia 896, inavichanganya vitabu vya Kiswahili na vya Kizulu na Kiyoruba katika rafu moja. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani umekipa Kiswahili nafasi ya PL8701 hadi PL8704, na hapo pia mkutubi lazima ajue tofauti ya sarufi, kamusi, diwani na riwaya kabla ya kuandika namba.

Tatizo halisi hutokea pale utungo unapokuwa na sura mbili. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957, ni shairi, na kwa hiyo rafu yake ni ya fasihi ya Kiswahili. Lakini pia ni simulizi ya vita vya 1905 hadi 1907 iliyotungwa na Mswahili wa Lindi, jambo linaloufanya kuwa ushahidi wa kihistoria unaofaa rafu ya historia ya Tanzania, 967.8. Kitabu hakiwezi kukaa rafu mbili. Mkutubi anayeongeza katika katalogi kichwa cha somo "Vita vya Maji Maji" amemfungulia mlango mwanafunzi wa historia, na asipoongeza ameufunga. Wanahistoria waliowahi kulalamika kwamba hakuna vyanzo vya Kiswahili juu ya jambo fulani huenda wakati mwingine walikuwa wanasoma matokeo ya kadi iliyoandikwa kwa haraka.

7.0 Mafunzo na Vyama vya Wakutubi

Afrika Mashariki imejitahidi kujenga wataalamu wake. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963. Kitivo cha Sayansi za Habari kilianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 1988. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha taaluma za habari katika ngazi ya uzamili. Wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini wamekuwa na mkutano wao wa pamoja, SCECSAL, ambao kikao chake cha kwanza kwa muundo huo kilifanyika Dar es Salaam mwaka 1974. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa shirikisho la kimataifa la vyama vya wakutubi, IFLA, ulifanyika Nairobi. Huko Nairobi pia Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi tangu mwaka 1966, yenye kazi ya kukusanya machapisho ya ukanda huu, yakiwamo ya Kiswahili, na kuyaorodhesha.

Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, kuna pengo moja lililo wazi. Mafunzo ya ukutubi katika ukanda huu hutolewa zaidi kwa Kiingereza na yamelenga zaidi kitabu kilichochapwa na, siku hizi, kompyuta. Kwa upande mwingine, wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa uhakiki, isimu na historia ya fasihi, lakini ni wachache wanaofundishwa kusoma hati za Kiarabu, na wachache zaidi wanaofundishwa kuuelezea mswada. Mkutubi ana kanuni lakini hana khati. Mwanafasihi ana fasihi lakini hana khati wala kanuni. Na mwenye khati, mara nyingi ni mzee wa Lamu, Mombasa, Pate au Unguja ambaye hana cheti cha chuo kikuu, na kwa hiyo hawezi kuajiriwa na maktaba kwa masharti ya sasa.

8.0 Jengo, Mashine na Ujuzi

Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Jengo la namna hiyo ni fahari ya taifa na nafuu kubwa kwa wanafunzi. Lakini jengo halisomi. Ujuzi wa mtu mmoja wa kitengo cha Afrika Mashariki, anayekumbuka ni sanduku lipi lina nini na kwa nini, hauhesabiwi katika eneo la sakafu.

Vivyo hivyo kwa mashine. Kupiga picha za kidijitali kumeokoa mengi, na miongoni mwa kazi zenye kusifiwa ni ile iliyofanywa kwa miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Picha, hata hivyo, haijielezi. Picha elfu za kurasa zisizotambuliwa ni sawa na sanduku lililofungwa, isipokuwa ufunguo wake sasa uko katika kompyuta. Tena mashine zenyewe si ngome. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi, ikiwamo katalogi, zilizimika kwa miezi. Tukio hilo limekumbusha vyuo vyote kwamba nakala moja iliyo mahali pamoja ni hatari, na kwamba katalogi iliyochapwa katika karatasi, kama ile ya Allen, bado ina kazi yake.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mhadhara huu umeonesha kwamba kati ya mswada na mtafiti wa Kiswahili kuna mtu, na kwamba uamuzi wa mtu huyo kuhusu khati, anwani, tarehe, jina na namba ya rafu huamua ni kitu gani kitajulikana. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, jarida la habari za watumishi liandikwe kwa kuzingatia ujuzi. Kusema kwamba mtumishi amestaafu baada ya miaka thelathini hakutoshi. Ielezwe ni makusanyo gani aliyoyashughulikia, ni kazi ipi ameiacha nusu, na ni nani amerithishwa. Jarida la namna hiyo litakuwa chanzo cha historia ya taaluma, na litauonesha uongozi wa chuo pengo kabla halijawa hasara.

Pili, kila maelezo ya mswada yabebe jina la aliyeyaandika na tarehe ya kuandikwa. Msomaji akijua kwamba hukumu fulani ilitolewa na Sheikh Yahya, na nyingine na mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, atajua namna ya kuzipima. Katalogi kubwa ya miswada nayo ihesabiwe kuwa chapisho la kitaaluma katika kupandisha vyeo.

Tatu, idara za Kiswahili na za ukutubi zishirikiane kufundisha somo moja la khati na uelezaji wa miswada, na wazee wenye elimu hiyo waalikwe kufundisha kwa malipo na heshima ya mwanataaluma, bila kudaiwa vyeti ambavyo zama zao hazikuwapa.

Nne, wanakili, wasimulizi na wamiliki wa miswada wapewe nafasi yao katika katalogi, katika makusanyo mapya na katika yale ya zamani yanayopitiwa upya.

Mapendekezo hayo hayahitaji fedha nyingi kama zinavyohitaji majengo. Yanahitaji kukubali kwamba kuorodhesha ni kusoma, na kwamba wasomaji wa khati za Kiswahili wanapungua kila mwaka. Wenyeji wa pwani walijua zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Miswada ni mali, katalogi ni daftari lake, na mkutubi ndiye mwenye kuishika kalamu.